Redio ilisikia lakini haikusikika

Mzazi aliyewahi kumngojea mtoto wa shule usiku wa mvua hahitaji kuambiwa jinsi dakika zinavyoweza kuwa ndefu.

Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka wa 2018, masika yamepamba na mitaro ya Nairobi imefurika. Watoto 11 wa shule ya msingi, binti yangu wa darasa la pili akiwa miongoni mwao, walikuwa wameondoka shuleni upande wa Lang'ata saa tisa unusu alasiri. Kwa kawaida basi lao dogo huwa limekwisha fika mtaani kwetu Donholm kabla ya saa kumi na moja. Saa kumi na mbili ikapita, saa moja ikapita, na kufikia saa mbili za usiku wazazi tulikuwa tumejazana katika afisi ya mwenye magari hayo, mama mmoja aliyefundisha shule kwa miaka mingi na ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu hadi leo.

Simu ya dereva, tulikuja kujua baadaye, ilikuwa imezimika kwa kukosa moto. Ya msaidizi wake, yule mama anayewavusha watoto barabara, ilikuwa imelowa maji. Hata hivyo hatukukata tamaa, kwani juu ya meza ya Mwalimu palikuwa na redio koli, ile mashine ya kuitana ambayo wakazi wa jiji wanaikumbuka kutoka kwenye teksi na magari ya ulinzi ya miaka ya tisini. Tena basi hilo lilikuwa limetiwa redio mpya kabisa, ya bendi mbili, wiki hiyo hiyo.

Mwalimu akashika maiki. "Gari nne, gari nne, uko wapi?"

Kimya. Akarudia. Safari hii kikatoka kikwaruzo, kama cha panya juu ya dari, kisha kimya tena. Akaita labda mara ishirini. Kila mara tulipata kile kikwaruzo, na mama mmoja aliyekuwa nyuma ya Mwalimu akaangua kilio.

Ilipotimia saa tatu kasoro robo, dereva wa gari la pili, ambaye alikuwa akirudi kutoka South B baada ya kuwafikisha watoto wa huko, akaingia hewani kwa sauti ya juu: "Mwalimu, gari nne nampata mimi! Yuko Enterprise Road, maji yamejaa mbele na nyuma. Watoto wote wako salama."

Saa tano usiku binti yangu alikuwa nyumbani, anakula wali huku anasinzia. Kabla ya kulala aliniuliza swali moja tu: "Baba, mbona Mwalimu alikuwa hatujibu?"

Hapo ndipo mambo yalipozidi kunitatiza. Dereva alisikia kila neno lililotoka afisini. Alimsikia hata yule mama akilia. Alijibu kila alipoitwa, akataja barabara, akataja idadi ya watoto, na asipate jibu lolote ila kuitwa upya. Redio yake ilikuwa na masikio bila ya mdomo. Mbona basi gari la pili lilimsikia waziwazi?

Mlima unaosema kwa niaba yako

Kabla ya kuendelea, msomaji mpenzi, hebu tutazame jinsi mitambo hii inavyofanya kazi, kwa maana bila ya hilo kosa lenyewe halitaeleweka.

Redio ya bendi mbili ni ile inayoweza kutumia mafungu mawili ya masafa. Fungu la kwanza ni VHF, ambalo kwa jumla ni kutoka megahezi 30 hadi 300, na redio nyingi za magari hutumia sehemu iliyo kati ya 136 na 174. La pili ni UHF, kutoka megahezi 300 hadi 3,000, na hapo redio hizi hukaa zaidi kati ya 400 na 480 hivi. Mawimbi ya VHF ni marefu zaidi. Gawanya 300 kwa megahezi nawe utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 145 ni karibu mita 2, na kwa 435 ni sentimita 69. Katika mashamba na vilima VHF hufika vyema. Katikati ya majumba UHF hupenya madirisha na vichochoro kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu mtu anayetembeza magari mjini na nje ya mji hupenda kuwa na zote mbili ndani ya kijisanduku kimoja.

Lakini mawimbi haya yote mawili yana udhaifu mmoja. Aghalabu huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na yakikutana na mlima au jengo kubwa hufifia. Dawa yake ni mtambo uitwao ripita. Huu huwekwa juu ya mlima au mnara mrefu, ukapokea sauti dhaifu ya gari na papo hapo kuirusha tena kwa nguvu ili mji mzima usikie. Mwalimu hana mnara wake mwenyewe. Hulipia huduma ya mnara wa kukodi, kama wafanyavyo wenye magari wengi.

Sasa, ripita haiwezi kusikiliza na kusema katika masafa yale yale kwa wakati mmoja. Ingejiziba masikio yenyewe. Kwa hivyo husikiliza katika masafa fulani na kusema katika masafa mengine. Chukua mfano wa ripita za wapenzi wa redio katika sehemu yetu ya dunia: iko inayosema kwa megahezi 145.600 na kusikiliza kwa 145.000. Tofauti hapo ni megahezi 0.6. Redio ya gari lazima ifanye kinyume chake, yaani isikilize 145.600, na dereva anapobonyeza kitufe cha maiki, iruke yenyewe hadi 145.000. Akiachia kitufe, irudi. Dereva hahitaji kujua lolote kuhusu mruko huo, mradi aliyeipanga redio aliuweka.

Je, kama hakuuweka?

Kompyuta isiyoiona redio

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mwalimu asubuhi na mapema. Nilimkuta mpwa wake, kijana anayesomea umeme na mawasiliano, amekwisha fungua mlango wa basi na kuweka kipakatalishi juu ya kiti cha abiria.

"Shangazi anasema redio ni mbovu irudishwe dukani," aliniambia. "Mimi nasema mzee, tuangalie kwanza kilichoandikwa ndani yake."

Siku hizi redio haipangwi kwa bisibisi. Zamani kila chaneli ilihitaji kipande cha fuwele kilichokatwa kwa masafa yake, na ukitaka kubadili chaneli ulingojea fuwele nyingine itengenezwe. Leo chaneli ni safu za tarakimu katika kumbukumbu ya redio, na huandikwa kwa kompyuta kupitia kebo maalumu. Redio ya gari ya kisasa huweza kuwa na chaneli mia kadhaa. Kenwood TM-V71A kwa mfano ina nafasi 1,000. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekaa kuziandika zote kwa vitufe vya maiki.

Tulianza kwa kukwama. Kompyuta ilitoa ujumbe kwamba redio haikujibu. Kijana hakushtuka. Alichomoa kebo, akaitazama ncha yake, akairudisha na kuisukuma hadi ikatoa mlio wa kunasa. Bado. Akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kompyuta, na pale palikuwa na alama ya manjano ya onyo kando ya jina la kebo.

Hii ndiyo shida inayowapotezea wengi siku nzima, na haihusiani na redio hata kidogo. Ndani ya kichwa cha kebo hizi za USB mna kijidude cha elektroniki kinachotafsiri lugha ya kompyuta kuwa lugha ya redio. Viwanda viwili, Prolific na FTDI, ndivyo vilivyosifika kwa vijidude hivyo, na kama kawaida ya dunia, vya bandia vikazagaa sokoni. Waliokuwa wakitengeneza vya kweli wakachoka. Draiva mpya za Prolific zikawa hazikubali kufanya kazi na vya bandia wala na baadhi ya vile vya zamani. FTDI walikwenda mbali zaidi: mwaka wa 2014 walitoa draiva ambayo ilifuta kitambulisho cha vijidude bandia, vikawa kama vimekufa. Kelele zilipigwa dunia nzima, nao wakaiondoa. Mnunuzi wa kebo ya bei nafuu asiyejua ugomvi huo hufikiri redio yake imeharibika.

Dawa ilikuwa kuweka draiva ya zamani ambayo bado huitambua kebo ile. Kijana alifanya hivyo, akahakikisha nambari ya mlango aliyoichagua katika programu ndiyo ile ile inayoonyeshwa na kompyuta, akahakikisha pia aina ya redio ni yenyewe hasa wala si ndugu yake anayefanana jina. Kisha akajaribu tena na mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Alitumia CHIRP, programu ya bure iliyoanzishwa na Dan Smith wa Marekani, ambayo inaelewana na redio za viwanda vingi. Nilipenda jambo moja katika utaratibu wake. Kabla ya kugusa chochote alisoma yote yaliyomo redioni, akayahifadhi katika faili lenye tarehe, na faili hilo akaapa kutolifungua tena ila siku ya dharura. "Kuna watu huandika kwanza kabla ya kusoma," alisema. "Huchukua faili la redio nyingine wakalisukuma humu. Likiwa la toleo tofauti, redio inaweza kurukwa na akili." Nilimuuliza kama kurejesha redio katika hali ya kiwandani si njia ya mkato. Akacheka. Ukifanya hivyo, alisema, unafuta kosa pamoja na ushahidi wake.

Safu iliyoachwa tupu

Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea jedwali lenye mistari na safu. Mwalimu akaleta karatasi ya leseni, ile inayotaja masafa aliyopewa, tukaanza kulinganisha tarakimu moja moja kama watu wanaohesabu kura.

Masafa ya kupokea: sawa. Toni: sawa. Tofauti ya masafa: tarakimu zilikuwapo, na zilikuwa sahihi. Nilikuwa karibu kusema kwamba basi hakuna kosa, kijana akaweka kidole juu ya safu nyembamba iliyokuwa kati ya hizo. Ilikuwa tupu.

Safu hiyo huandikwa Duplex. Hapo ndipo redio huambiwa kama tofauti ya masafa inaongezwa au inapunguzwa: huwekwa alama ya kujumlisha au ya kutoa. Ikiachwa tupu redio huelewa kwamba hakuna mruko wowote, na tarakimu za tofauti zilizoandikwa kando yake hubaki pambo tu.

Kumbe redio ya gari nne ilikuwa ikisema katika masafa yale yale inayosikilizia. Ripita haikuwa ikisikiliza huko, ndiyo maana haikunasa hata neno moja. Lakini redio nyingine zote za Mwalimu husikiliza pale pale, hivyo yeyote aliyekuwa karibu na basi angeweza kumsikia dereva moja kwa moja bila ya msaada wa mlima. Gari la pili lilipokaribia Enterprise Road lilimnasa. Afisini Donholm, kilomita kadhaa na majengo mengi katikati, tulipata kikwaruzo. Kile kikwaruzo tulichokidhania ni hewa mbaya ndiyo sauti yenyewe ya dereva, akituambia watoto wetu wako salama.

Nakiri kwamba nilikaa kimya kidogo.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kwa sura. Safu ya nguvu ilikuwa imewekwa kiwango cha chini. Redio hii ina uwezo wa kurusha wati 50, nayo ilikuwa ikirusha 5. Wati 5 si haba, redio nyingi za mkononi huishi kwa nguvu hizo, lakini usiku ule zingeongezwa mara kumi huenda afisi ingesikia maneno badala ya mikwaruzo.

Tulifuatilia kosa lilikotoka. Fundi aliyeifunga redio alikuwa amenakili faili la mteja mwingine, mwenye bohari, ambaye magari yake huongea ndani ya ua mmoja bila ya ripita na hayahitaji nguvu nyingi. Akabadili masafa, akaandika tofauti, akasahau alama. Sitamlaumu sana. Linalonikera ni jinsi alivyoijaribu. Alisimamisha basi mbele ya afisi, akabonyeza maiki, na Mwalimu akamsikia vizuri kutoka hatua thelathini. Wakapeana mikono. Majaribio hayo hayakuthibitisha lolote, kwa sababu kwa hatua thelathini redio mbili husikizana hata kama mlima wote umezimwa.

Namna ya kumkamata mwizi huyu bila ya kompyuta ni rahisi, na mtoto wa shule anaweza kuifanya. Tazama tarakimu kwenye kioo cha redio unapobonyeza kitufe cha maiki. Katika redio nyingi zinatakiwa kubadilika, zionyeshe masafa ya kurushia. Zisipobadilika, hapana mruko. Kisha achia kitufe na usikilize: ripita nyingi hubaki hewani kwa nukta moja au mbili baada yako, na utasikia mkia wa sauti ya hewa au utaona vipimo vya nguvu vikisimama kabla ya kuanguka. Mkia ukiusikia, mlima umekusikia.

Makosa ndugu

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsumbua kijana huyo kila apatapo redio ya kupanga, na nimejionea kwamba makosa ya aina hii yana ukoo.

Lililo karibu zaidi ni la toni. Ripita nyingi hufungwa kwa kufuli la sauti nene ambayo sikio halitambui ikiwa chini ya maongezi. Toni hizi huhesabiwa kwa hezi: 67.0, 71.9, 88.5, 91.5, 100.0 na kadhalika hadi 250 na ushei. Redio isiyotuma toni sahihi hata ikapiga kelele vipi haifunguliwi mlango. Hapa pia jedwali lina mtego. Programu huonyesha 88.5 katika safu ya toni hata kama hujaweka toni yoyote, na mtu asiye mzoefu huona tarakimu akaridhika, kumbe safu ya kuiwasha iko tupu. Aidha iko toni ya kutuma na toni ya kupokea. Ukiweka ya kupokea isiyotumwa na ripita, redio yako itanyamaza kama maji ya mtungini ilhali wenzako wanakuita. Kama huna hakika, zima toni ya kupokea kwanza, sikiliza, ndipo uirudishe.

Kinyume cha masafa nacho huwatesa wengi. Karatasi za mnara mara nyingine huandikwa kwa upande wa mnara: "kurusha" maana yake ni mnara unaporusha, yaani gari linapopokea. Fundi akinakili bila ya kufikiri, redio ya gari itasikiliza mahali ambapo mnara hausemi na kusema mahali ambapo mnara hausikii. Hapo huna masikio wala mdomo.

Halafu kuna redio zilizoletwa na jamaa kutoka Marekani. Si mbovu, lakini nyingi zina tabia ya kujiwekea tofauti ya masafa zenyewe kwa kufuata mpango wa kule, ambako katika UHF tofauti ya kawaida ya wapenzi wa redio ni megahezi 5. Ulaya utakuta 1.6 au 7.6. Tabia hiyo izimwe ndipo uandike ya kwako.

Upana wa chaneli hausababishi kimya bali huharibu ladha. Redio iliyowekwa upana wa kilohezi 25 ikiongea na ya 12.5, sauti hukatika na kukoroma. Iliyowekwa 12.5 ikiongea na ya 25, inasikika kwa mbali kama mtu aliyefunikwa blanketi. Hatua za masafa zina utundu unaofanana na huo: redio inayopanda kwa kilohezi 5 haiwezi kukaa juu ya 433.0125, itasimama 433.010 au 433.015, nawe utashangaa kwa nini sauti ina makapi.

Kosa ninalolipenda, kama kosa linaweza kupendwa, si la kompyuta hata kidogo. Redio ya bendi mbili ina kioo chenye pande mbili, kushoto na kulia, na husikiliza zote kwa pamoja. Maiki hata hivyo ni moja, na hurusha upande mmoja tu, ule uliochaguliwa kuwa mkuu. Dereva husikia akiitwa upande wa kulia, hubonyeza maiki na kujibu upande wa kushoto. Huweza kufanya hivyo mwezi mzima huku akilalamika kwamba redio imekufa. Kitufe kimoja hummaliza tatizo lake.

Liko pia lile la kunyimwa ruhusa. Redio nyingi huweza kupangwa zisirushe wakati chaneli ina mtu. Ni adabu nzuri, ila mahali penye makelele ya umeme redio hudhani kuna mtu kila wakati na kukataa kata kata. Na redio zenye uwezo wa kuunganisha bendi zake mbili, zikageuka ripita ndogo ndani ya gari, zisiachwe katika hali hiyo bila ya mtu kujua. Zitarusha kila zinachosikia, moto utawaka ndani ya sanduku, na betri ya gari itaisha kabla ya jogoo kuwika.

Si kila lawama ni ya programu

Siku moja tulipoteza saa tatu tukikagua jedwali ambalo halikuwa na kosa. Gari lilikuwa likisikika vizuri katika VHF na vibaya katika UHF. Tulikuja kugundua kwamba antena iliyokuwa juu ya paa ilikuwa ya bendi moja, nayo iliwekwa na mwenye gari wa zamani.

Ya bendi mbili lazima ipatane na zote mbili. Waya wima wa robo wimbi kwa megahezi 145 una urefu wa takriban sentimita 50, na kwa 435 ni sentimita 17. Kwa bahati nzuri 435 ni mara tatu ya 145, hivyo waya huo mrefu huweza kufanya kazi ya kuridhisha katika bendi zote mbili. Wapenzi wa redio wanalijua hilo tangu zamani.

Umeme nao uangaliwe. Redio inayorusha wati 50 hunywa karibu ampea 10 au zaidi kutoka kwenye betri ya volti 12. Ikiunganishwa kwa waya mwembamba, au kupitia tundu la kuwashia sigara, itapokea bila ya shida siku nzima, kisha dereva akibonyeza maiki volti zinaanguka na redio inazimika au kujiwasha upya. Dalili hiyo hufanana mno na redio iliyopangwa vibaya. Waya uende moja kwa moja kwenye betri, wenye fyuzi karibu na betri yenyewe.

Lipo na la sheria. Kwa kuwa redio hizi hukubali karibu tarakimu yoyote unayoiandikia, baadhi ya vijana hudhani wana ruhusa ya kuitumia. Kabla ya 1999 kibali kilitoka kwa shirika la posta na simu, KPTC, halafu kikawa kazi ya tume ya CCK, ambayo tangu 2014 inajulikana kama Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Sheria ya mawasiliano ya 1998 hairuhusu mtu kurusha bila ya leseni. Katika faili la yule mwenye bohari tulikuta chaneli zake zote bado zimo ndani ya basi la watoto. Kijana alizifuta moja baada ya nyingine. Mwanafunzi anayetaka kuchezea masafa kihalali, na ninajua mko wengi mnaosoma ukurasa huu, aulizie leseni ya wapenzi wa redio, wale ambao alama zao za kuitana hapa Kenya huanza na 5Z4. Hao wana ruhusa ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena katika mafungu yao wenyewe.

Jumamosi ile tulimaliza saa saba mchana. Kijana alitia alama iliyokosekana, akapandisha nguvu, akaandika upya redioni, kisha akaisoma tena kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokaa. Mwalimu alidhani sasa tutajaribu pale mbele ya mlango.

"La, shangazi," kijana akasema. "Twende kule kule."

Tukaenda Enterprise Road, dereva, kijana, mimi na binti yangu aliyekataa kuachwa. Maji yalikuwa yamekauka na kubakisha tope. Dereva alisimamisha basi mahali pale pale, akanyamazisha injini na kubonyeza maiki. Tarakimu zikaruka. Akaachia, mkia ukasikika, na baada yake sauti ya Mwalimu ikajaa ndani ya basi kana kwamba yuko kiti cha nyuma.

Binti yangu akanyoosha mkono. Dereva alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Haya, achia maiki, gari mbili anangoja."